Sentimeta Mbili na Nusu za Katambuga

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu, saa nne asubuhi, mbele ya watu tisa, mtoto akiwa mgongoni.

Meneja alikuwa amesimama katikati ya karakana yetu ya baiskeli hapa Karatu, kashika kadi ya njano kama mwamuzi wa mpira. Timu nzima ya michezo mitatu ilikuwepo, wale wanaoogelea, wakaendesha baiskeli, wakamalizia kwa kukimbia, yote siku moja bila kupumzika.

"Namnyak hana uwezo," alisema. "Nalitoa jina lake. Na asije mtu akasingizia baiskeli. Baiskeli imepimwa, kadi hii hapa, sahihi ya fundi hii hapa. Tena fundi ni mwanamke mwenzake. Hawa wenzetu wa Endulen wana miguu ya kufuata ng'ombe. Baiskeli ya mashindano ni habari nyingine."

Namnyak alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu pale mlangoni, goti la kulia limefungwa kitambaa. Hakumwangalia Meneja. Aliniangalia mimi.

"Hiyo sahihi ni yangu," nilisema, "na hicho kipimo ni kibovu. Nilikuambia Jumanne. Nikakuambia Alhamisi. Leo unakitumia kumfukuzia mtu, kwa jina langu?"

"Mama Glori, mtoto analia. Nenda kanyonyeshe kwanza, tutaongea ukitulia."

Glori hakuwa analia. Glori alikuwa amelala fofofo, mate yananitiririkia shingoni. Wawili watatu wakacheka. Nilifungua aproni yangu, nikaikunja mara mbili, nikaiweka juu ya meza ya spana. Kisha nikamwambia maneno ambayo mama yangu asingependa niyaandike hapa, nikatoka.

Nitarudi kwenye siku hiyo. Lakini ninyi mabinti mnaoniuliza kila siku kazi ya kupima mkao wa mtu kwenye baiskeli inafanywaje, hamtaelewa kwa nini niliivua ile aproni kama hamjui niliivaaje. Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na saba. Ila kazi nimeifanya miaka minane, na sijasikia mwanamke mwingine hapa Karatu aliyeifanya kabla yangu, kwa hiyo mzee wa kazi ndiye huyu mnayemsoma. Vumilieni.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa wiki mbili baada ya matokeo ya kidato cha nne, matokeo ambayo mama hakuyataja kanisani. Alinipeleka kwa mtu wa kwetu Daa aliyekuwa na kibanda cha baiskeli pembeni ya barabara hapa mjini. Watu walimwita Fundi Mkuu, ingawa fundi mdogo hakuwepo. Alikuwa na mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko na alikaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa.

"Hesabu ulipata nini?" aliniuliza, hata salamu hajaitikia vizuri.

"F, Fundi."

"Kiingereza?"

"D."

"Basi Kiingereza chako utaongea na Wazungu. Hesabu tunaanza upya hapa."

Akanipa ringi iliyopinda, spoki zimelegea kama meno ya bibi, akaniambia niinyooshe. Nilikaza upande mmoja mpaka jioni. Ikapinda zaidi. Alikuja, akaizungusha, akaguna. "Kila spoki ina ndugu yake ng'ambo. Ukimvuta huyu, muulize yule anasemaje." Nililegeza zote nikaanza tena kesho yake. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza na ya pili.

Fundi Mkuu hakuwa na mashine ya kupimia. Urefu wa kiti alipima kwa kwapa: mteja anasimama ubavuni mwa baiskeli, kiti kinaingia kwapani, mkono unanyooka chini, na ncha za vidole ziguse ekseli, yaani kile chuma cha katikati ambacho krenki, ile mikono ya pedali, zinakizunguka. Zikigusa, kiti kimekaa. Watu wa vipimo vya kisasa wanakicheka kipimo hiki. Wacheke. Wakulima wa Daa walipanda vilima na magunia ya mahindi kwa kipimo hicho na magoti yao mpaka leo wanayapiga kanisani.

Alikuwa na sheria moja zaidi, nanyi ishikeni hiyo, maana ndiyo iliyonipeleka pabaya.

"Mtu hapimwi kama maiti," alisema. "Mpime na kile anachoendeshea. Anaendesha na mabuti, mpime na mabuti. Anaendesha na katambuga, mpime na katambuga."

Katambuga mnazijua, vile viatu vya matairi. Soli yake ikitoka kwenye tairi la lori inakuwa nene kuliko maandazi ya stendi. Kule Daa mtu alinunua jozi moja, akailimia, akaiendeshea baiskeli, akaivaa msibani. Kwa hiyo sheria ya Fundi Mkuu ilikuwa sahihi kabisa. Nikaizoea hadi mkono ukawa unaifanya wenyewe, bila kuuliza kichwa.

Mwaka wa tatu nikahamia kwenye kampuni ya kutembeza wageni kwa baiskeli. Sitaitaja jina. Huko nilikuwa chini ya Mkuu wa Karakana, mwembamba, penseli sikioni, mtu asiyeweza kuvumilia neno moja tu duniani. Siku niliyomwambia kiti kiko karibu sentimeta sabini, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Karibu ni la wageni," alisema. "Mimi si mgeni. Ngapi?"

"Sabini na nukta nne, Mkuu."

"Sasa umeongea."

Mambo mengi ninayoyajua ni yake. Alinifundisha kutumia timazi, ile ya waashi, uzi na kipande cha risasi. Pedali ikiwa mbele, krenki imelala sawa na ardhi, unateremsha uzi kutoka mbele ya goti. Risasi inakuonyesha goti limekaa wapi juu ya pedali, na hapo unajua kiti kisogee mbele au nyuma. Alinifundisha kupima pembe ya goti kwa ile protrakta ya shule niliyokuwa nimeitupa nikidhani nimemalizana nayo. Pedali ikifika chini kabisa, mguu usinyooke kama fimbo. Ubaki umekunjwa kidogo, nyuzi kama thelathini hivi. Goti likiuma mbele, angalia kama kiti kimeshuka mno. Likiuma nyuma, angalia kama kimepanda. Na nyonga zikiyumba huku na huku wakati mtu anaendesha, huhitaji hata protrakta, kiti kiko juu. Anautafuta mguu ulioenda mbali.

Wakati huo ndipo michezo mitatu ikaingia kwetu. Watu waliogelea kwenye bwawa la lodge ya watalii, wakapanda kwa baiskeli hadi geti la hifadhi na kurudi, wakamalizia kwa kukimbia kwenye njia za mashamba ya kahawa. Zikaja baiskeli zenye fimbo mbili mbele ya usukani, za kulalia viwiko. Sisi tuliziita pembe. Mimi nilidhani kazi ni kumlaza mtu chini kadiri inavyowezekana ili upepo umpite, kama kwenye zile picha. Nikamlaza mwendeshaji mmoja mpaka kidevu kikakaribia magoti. Mkuu akamtazama, akaniita kando.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Getini na kurudi, Mkuu."

"Halafu?"

"Halafu anakimbia."

"Kwa miguu ipi? Umemkunja kama kisu cha mfukoni. Kwenye mbio za baiskeli tupu, mtu akimaliza anajitupa kwenye nyasi, anapigwa picha. Huyu wako akimaliza ndiyo anaanza. Usimpangie mkao wa kumalizia, mpangie wa kuanzia."

Shikeni hilo, mabinti, hata kama mengine yote mtayasahau. Katika michezo mitatu kiti unakisogeza mbele kidogo kuliko kawaida, ili mtu alale mbele bila kujikunja kiunoni. Viwiko vikae chini ya mabega, mifupa ibebe uzito, misuli ipumzike. Unashusha zile pembe za usukani kidogo kidogo huku mtu anaendesha, unamwambia akuhesabie ng'ombe wa kwao kwa sauti. Pumzi ikianza kukatika kwenye hesabu, umepita mpaka, rudisha juu kwa unene wa washa moja, ile pete ya chuma. Halafu, na hapa wengi wanafanya uvivu, mshushe umkimbize mita mia mbili. Akikimbia kama anayebanwa na haja, rudi mwanzo.

Mkuu wa Karakana alistaafu mwaka niliojifungua Glori. Aliniachia timazi yake. Badala yake tukaletewa Meneja, mtu wa mauzo kutoka kwenye lodge, mwenye shati safi na maneno mengi ya Kiingereza, asiyejua spana ya L inaingia upande gani wa boliti. Sikumchukia kwa hilo. Mtu anaweza kujifunza. Yeye ndiye aliyeanzisha kadi za njano. Kila mwendeshaji wa timu alipimwa mara moja, vipimo vikaandikwa kwenye kadi, fundi akasaini, picha ikapigwa, na kadi ikatumwa kwa wafadhili. Ilikuwa nadhifu. Hata mimi niliipenda mwanzoni.

Mwaka huu akanituma Endulen pamoja na dereva, kuchagua wanawake wa kuingia majaribio. Huko ndiko nilikompata Namnyak. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea, ana mtoto mmoja kama mimi, na alikuwa akizunguka kwenye maboma na baiskeli ya chuma nzito, mizani ya kupimia watoto inaning'inia nyuma. Nilimwona akipanda mlima nayo bila kushuka. Nilisimama barabarani nikamsubiri.

"Takwenya," nilimsalimia. Kimaasai changu kinaishia karibu na hapo.

"Iko. Wewe ndiye fundi wao? Nilidhani fundi ana ndevu."

"Zipo njiani. Na wewe, unajua kuogelea?"

"Ng'ombe anavuka mto bila kwenda shule. Nitashindwa mimi?"

Alishindwa, wiki mbili za kwanza. Alikunywa maji ya lile bwawa mpaka akasema sasa yeye na wazungu wote wa lodge ni ndugu. Kisha akaweza. Alikuwa na sababu. Kila aliyeingia timu alipewa pia baiskeli ya pili, ya milimani, ya kubaki nayo nyumbani. Namnyak alikuwa ameshaipigia hesabu: boma lililo mbali kuliko yote, ambalo kwa baiskeli yake ya chuma hulazimika kulala huko, angekwenda na kurudi siku hiyohiyo. "Mwanangu atakuwa ananiona jioni," aliniambia. Hakulisema tena. Halikuhitaji kurudiwa.

Sasa sikilizeni kosa.

Ili kupata urefu wa kiti kwa njia ya kisasa, unapima mguu kwa ndani. Mtu anaegemea ukuta, anabana kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, unapima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni, kisha hesabu inakupa kiti. Hakuna mwanamume wa karakana ambaye angemfanyia Namnyak kitu hicho, na hakuna aliyethubutu kujaribu. Wakaniita mimi. Tukaingia stoo, tukafunga mlango, tukatumia daftari la risiti badala ya kitabu. Alikuwa amevaa shuka zake, shanga zake za miguuni, na katambuga.

"Wewe ukishamaliza hapo, utanioa?" aliniuliza, daftari liko pale mlipoelewa.

Tulicheka mpaka tepu ikaniponyoka. Nikapima. Themanini na tatu na nusu. Nikaandika kwenye kadi ya njano, nikasaini.

Sikumvua katambuga. Mkono wangu ulikumbuka Daa: mpime mtu na kile anachoendeshea. Ila Namnyak hakuwa anaendeshea katambuga tena. Siku tatu baadaye alipewa vile viatu vyepesi vinavyojibana kwenye pedali, ambavyo yeye alivikataa mwanzoni kwa sababu, alisema, vinafyatuka kama mtego wa fisi. Mimi mwenyewe nilimfundisha kuvivaa. Na kadi haikunijia kichwani.

Kwenye majaribio ya kwanza nilikaa nyuma ya pikapu, nikimfuata. Aliogelea vizuri. Kwenye mlima wa kuelekea getini nikaona nyonga zinayumba, huku, huku, kama mzigo uliolegea juu ya punda. Vidole vya miguu vinachungulia chini kila mzunguko. Aliposhuka ili akimbie, mguu wa kulia haukukunjika. Alifika wa mwisho, akitembea. Alikaa chini, akavua vile viatu, akavaa katambuga zake, akasimama kando ya baiskeli yake kunywa maji.

Akawa mrefu.

Nilimwona akiongezeka kwa macho yangu. Kiti kilichokuwa juu ya nyonga yake sasa kikawa sawa nayo. Jioni ileile nilimwita stoo, nikampima pekupeku. Themanini na moja. Sentimeta mbili na nusu kamili za tairi la lori nilikuwa nimeziandika kama mfupa wa mtu.

Jumanne asubuhi nilikuwa wa kwanza kugonga kwa Meneja. Nilimweleza yote, bila kuzunguka.

"Kadi imeshakwenda kwa wafadhili," alisema.

"Tuma nyingine."

"Tukituma nyingine watauliza ya kwanza ilikuwa ya nini. Watasema mafundi wa Karatu hawajui kupima."

"Aliyekosea ni mmoja tu, na ni mimi. Andika jina langu."

"Mama Glori, wewe una akili timamu? Nani anaomba kuandikwa? Achana nayo. Atazoea."

"Goti halizoei, bosi."

"Funga mlango ukitoka."

Niliufunga. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya Namnyak, nikashusha kiti, nikakisogeza mbele kidogo, nikateremsha timazi, nikapima pembe ya goti mara tatu. Jumatano alipanda hadi getini, akarudi, akaachia baiskeli, akaingia kwenye kahawa mbio. Alirudi anacheka kwa sauti, hata watu wa shambani wakasimama. "Leo baiskeli imenibeba," alisema. "Siku zote mimi ndiye nilikuwa naibeba."

Alhamisi nikakuta kiti kimepandishwa. Kimerudishwa palepale pa kadi, na juu ya boliti pamezungushwa utepe mwekundu ili mtu asiguse. Nilikwenda tena kwa Meneja. Safari hii hata hakuinua kichwa. Alisema majaribio ya mwisho ni Jumamosi, na Jumamosi mimi nimepangiwa wageni wa kuzunguka mashamba.

Nilikwenda na wageni. Niliwaonyesha kahawa, maua yake, wakapiga picha. Nimeliandika jambo hili hapa kwa sababu sitaki msome hadithi ambayo mimi ni shujaa tangu mwanzo. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuukata ule utepe alfajiri. Nilihofia kibarua, nikaenda kuonyesha watu maua. Namnyak alipanda kwenye kile kiti, na safari hii hata kukimbia hakuanza. Walimrudisha na pikapu.

Ndipo ikaja Jumatatu, na ile kadi hewani, na sahihi yangu.

Nilipotoka karakana, Namnyak alinifuata akichechemea. Tulikaa kwa mama mmoja anayeuza chai jirani na pale. Glori aliamka, nikamnyonyesha, kwa wakati wake na si wa Meneja.

"Kosa la kwanza ni langu," nilimwambia. "Siku ile stoo sikukuvua katambuga. Kipimo kikawa kirefu."

Alifikiri. "Kwa hiyo muda wote huu nimekalia baiskeli ya mwanamke mrefu kuliko mimi."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Siku ya majaribio ya kwanza."

"Na mbona hukuniambia? Ulimwambia yule bwana, mimi mwenye goti hukuniambia."

Nilidhani nikirekebisha kimya inatosha. Niliona aibu, basi.

"Na Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Na wageni."

Alikunywa chai yake hadi mwisho. Mimi yangu ilipoa. Kisha akainama, akavua katambuga ya mguu wa kulia, akaiweka mezani katikati ya vikombe, udongo na yote. Mama wa chai akakunja uso.

"Wewe umesoma, andika," alisema. "Andika kila kitu, na usijifiche nyuma ya yule bwana. Anza na wewe. Wakisema unadanganya, waipime hii."

"Na wewe utarudije na kiatu kimoja?"

"Nitanunua kandambili. Hiyo nitaikuta."

Niliandika barua nyumbani kwa mama, Daa, mezani, kwa siku mbili. Rasimu ya kwanza niliichana. Ilikuwa na matusi mengi na kipimo kimoja. Ya pili nikaigeuza. Nilimkumbuka Mkuu wa Karakana na kikombe chake cha chai: ngapi?

Watu wamenishauri ninyamaze. Wanasema nina mtoto mchanga, nitapata kazi wapi, Karatu ni ndogo. Ni kweli Karatu ni ndogo, na ndiyo maana goti la mtu lililoharibiwa hapa nitakutana nalo sokoni kila wiki. Kama huku ni kustaafu, basi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba, na ninalowaachia ni dogo. Kukosea kipimo ni sehemu ya kazi. Kila fundi aliyeshika spana atakosea. Ila kipimo ni cha yule anayekikalia, si cha aliyekiandika wala cha aliyekituma kwa wafadhili. Ukigundua, mwambie yeye kwanza. Halafu rekebisha. Halafu andika. Mimi nilianza la pili, nikaruka la kwanza, na la tatu nimelifanya kwa kuchelewa, lakini nimelifanya.

Kamati ya Mashindano ilikuwa inafunga orodha ya majina Ijumaa. Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini kwao, Glori mgongoni, bahasha mkononi, mfuko wa plastiki kwenye mkono wa pili. Karani wa mapokezi alisoma barua yote, kisha akachungulia kwenye mfuko.

"Dada, hii nayo ni nini?"

"Kiambatisho."

"Kiatu?"

"Umeona kimeandikwa pale chini?"

Akaangalia pale chini. Kilikuwa kimeandikwa. Alitoa lebo ya karatasi, akaifunga kwa uzi kwenye mkanda wa ile katambuga, akaigonga muhuri wa kupokelewa, sawasawa na barua. Nakala yangu ninayo, na hii ndiyo, neno kwa neno.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Michezo Mitatu,
Karatu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KADI YA VIPIMO YA NDUGU NAMNYAK WA ENDULEN

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Paskalina, Mama Glori, fundi wa mkao wa baiskeli kwa miaka minane. Kosa la kwanza katika malalamiko haya ni langu. Nilimpima Ndugu Namnyak akiwa amevaa katambuga, nikaandika mguu wake kuwa sentimeta 83.5. Pekupeku ni sentimeta 81. Kwa sababu hiyo kiti chake kiliwekwa juu kwa zaidi ya sentimeta mbili, na goti lake la kulia likaumia kwa nyuma.

Kosa la pili si langu. Nilitoa taarifa kwa Meneja wa timu siku ya Jumanne na tena siku ya Alhamisi. Alikataa kubadili kadi. Nilishusha kiti, kikapandishwa tena na kufungwa utepe. Ndugu Namnyak alifanyiwa majaribio ya mwisho juu ya kipimo ambacho Meneja alikuwa ameshaambiwa kuwa ni kibovu, kisha akatolewa kwa maelezo kwamba hana uwezo, na sahihi yangu ikatumika kama ushahidi.

Kosa la tatu ni langu tena. Sikumweleza mwenyewe kwa wakati.

Naomba yafuatayo. Sahihi yangu ifutwe kwenye kadi ile. Ndugu Namnyak apimwe upya, bila viatu, na fundi ambaye si mimi. Apewe muda wa kupona, kisha majaribio mengine, na jina lake lisifungiwe nje ya orodha kabla ya hapo. Maneno "hana uwezo" yaondolewe, kwa kuwa uwezo wake haujapimwa bado. Kilichopimwa ni kiatu.

Niko tayari kuitwa mbele ya Kamati siku yoyote, pamoja na Meneja, na timazi nitakuja nayo.

Paskalina (Mama Glori)
Fundi

Nakala: Mkurugenzi wa Kampuni, Ndugu Namnyak, Endulen.

Viambatisho: Kadi ya njano, nakala moja. Vipimo vipya, ukurasa mmoja. Katambuga, moja, ya mguu wa kulia. Hii ya mwisho naomba irudishwe mapema. Mwenyewe anaisubiri, ana maboma ya kuzungukia.